Tafakari ya Juma: Kadi Iliyokatwa Kingo na Makovu ya Bwana



Wapendwa wanaparokia, pamoja nanyi nyote mnaotusoma mkiwa mbali na nyumbani, tunawasalimu katika juma hili linalofuata Dominika ya Huruma ya Mungu. Injili ya Dominika hiyo, kama mjuavyo, haibadiliki mwaka hata mwaka. Ni ile ya Mtakatifu Yohane, sura ya 20, ambamo Bwana mfufuka anasimama katikati ya wanafunzi wake na kuwaonyesha mikono yake na ubavu wake. Kwa kawaida katika juma hili huzungumza juu ya Tomaso na mashaka yake. Mwaka huu tunaomba tuingie katika Injili hiyo kwa mlango mwingine, mlango ambao tulifunguliwa na barua ya kijana mmoja wa parokia yetu.

Kijana huyo yuko Marekani, ambako anafanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani. Mwanzoni mwa Kwaresima alituandikia, na ametupa ruhusa kulisema jambo lake bila kumtaja jina. Kwa miaka mitatu alimhudumia mzee mmoja mpaka mzee huyo alipofariki. Mjane wa marehemu, kwa shukrani, alimpa sanduku dogo la kadi za zamani za mchezo wa besiboli. Baadhi yake zina umri wa miaka zaidi ya 100. Kona zimechakaa, moja ina mkunjo katikati, nyingine zina gundi kavu mgongoni. Alipoanza kuulizia bei, alikutana na fundi aliyemwahidi makubwa: angenyoosha mkunjo, angenoa kona, angerudishia rangi pale ilipofifia, kisha kadi zingeuzwa kwa bei maradufu na zaidi, na hakuna ambaye angegundua. Huku nyumbani mama yake anasubiri upasuaji wa nyonga, na gharama yake inajulikana. Basi akauliza maswali mawili: "Padre, kurekebisha kitu kilicho changu ni dhambi? Na je, kweli kunaongeza thamani?"

Swali la kwanza linamhusu padre, na la pili lingemfaa dalali wa minada. Tulipokaa na kulichunguza jambo lenyewe tuliona kwamba majibu ya maswali hayo mawili yanakaa karibu sana, kama nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja.

Pengine wengi wetu hatujapata kuziona kadi hizo. Besiboli ni mchezo wa rungu na mpira mdogo mgumu, unaopendwa sana Marekani. Tangu karne ya 19, kampuni za tumbaku za huko zilikuwa zikitia ndani ya pakiti ya sigara kadi ndogo ya karatasi ngumu yenye picha ya mchezaji. Kadi ilizuia sigara zisipondeke, na papo hapo ilimvuta mnunuzi arudi kesho kununua pakiti nyingine ili akamilishe mkusanyo wake. Baadaye zikahamia katika pakiti za peremende na chingamu. Watoto walizichezea, walizibandika kwenye madaftari, walizifunga kwa mpira, walizitia mifukoni. Akina mama walipofanya usafi, nyingi ziliishia jalalani. Kwa sababu hiyohiyo, zile chache zilizobaki zimekuwa adimu, na kitu adimu hutafutwa.

Iliyo mashuhuri kuliko nyingi ni kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa timu ya Pittsburgh Pirates. Ilitolewa na American Tobacco Company katika mfululizo wa miaka ya 1909 hadi 1911 ambao wakusanyaji huuita T206. Ni kipande cha karatasi kisichofika sentimita 4 kwa 7. Wagner alikataa picha yake itumiwe, na uchapaji wa kadi yake ukasimamishwa mapema. Wapo wanaosema kwamba hakutaka watoto washawishiwe kununua sigara ili kuipata picha yake. Wapo wanaosema kwamba alitaka kwanza alipwe. Vyovyote iwavyo, kadi zake zinazojulikana leo ni takribani 60 tu.

Mojawapo ya hizo ina historia inayotufaa. Mwaka 1991 mchezaji maarufu wa hoki ya barafu, Wayne Gretzky, pamoja na mshirika wake Bruce McNall, waliinunua mnadani kwa dola 451,000. Kampuni ya PSA, ambayo kazi yake ni kuzipima kadi na kuzitia katika makasha magumu ya plastiki pamoja na alama zake, iliipa kadi hiyo namba 1 katika orodha yake yote, na daraja la 8 kati ya 10. Watu walistaajabu. Kadi ya miaka 80, kingo zake zimenyooka na kona zake ni kali kana kwamba imetoka kiwandani jana! Ikapita mikono kadhaa, bei ikipanda kila mara, hata mwaka 2007 ikauzwa kwa dola milioni 2.8. Miaka yote hiyo kulikuwa na minong'ono. Hatimaye, mwaka 2013, Bill Mastro, dalali mkubwa wa minada aliyekuwa ameinunua kadi hiyo mwaka 1985 na kuiuza, alikiri mbele ya mahakama ya shirikisho jijini Chicago kwamba yeye mwenyewe alikuwa amezikata kingo zake ili ionekane nzuri zaidi, na hakuwaambia wanunuzi. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa udanganyifu katika biashara yake, ukiwemo ule wa kupandisha bei mnadani kwa zabuni za uongo. Wahenga walikwisha kusema: njia ya mwongo ni fupi. Hii ilichukua karibu miaka 30, lakini ilifika mwisho.

Sasa sikilizeni habari ya kadi nyingine ya Wagner huyohuyo. Mwaka 2010, katika jiji la Baltimore, masista wa shirika la School Sisters of Notre Dame walirithi mali ya mtu mmoja aliyekuwa kaka wa sista marehemu wa shirika lao. Hili ni shirika lililoanzishwa Bavaria mwaka 1833 na Mwenyeheri Maria Theresia Gerhardinger, na masista wake wanafundisha na kuhudumia hata hapa Afrika, Kenya ikiwemo. Katika sanduku la benki la marehemu walikuta kadi ya Wagner aliyokuwa nayo tangu mwaka 1936. Ilikuwa katika hali mbaya. Kingo tatu nyeupe zilikuwa zimekatwa, ina mikunjo, na mtu fulani zamani aliifunika kwa plastiki ya kubandika. Pamoja nayo kulikuwa na kikaratasi kilichopigwa chapa, kinachosema bila kuficha kwamba kadi imeharibika, lakini kwamba thamani yake itapanda sana katika karne ya 21.

Kadi ilipelekwa mnadani kama ilivyokutwa, kasoro zake zikatangazwa. Aliyeshinda kwanza alishindwa kulipa kwa wakati, ndipo daktari mmoja wa moyo kutoka Philadelphia akajitokeza kuinunua. Dola 220,000 zikafika mikononi mwa masista, kwa ajili ya utume wao kwa maskini katika nchi zaidi ya 30.

Wapendwa, tuzitazame kadi hizi mbili kwa makini. Zote mbili zimekatwa kingo. Wembe ulipita huku, na wembe ulipita kule. Kwa macho ya mtu wa kawaida, ile ya kwanza ni nzuri mno na ile ya pili inatia huruma. Lakini ya kwanza ilimpeleka mtu gerezani, na ya pili ikawalisha maskini. Karatasi haikuleta tofauti hiyo. Tofauti ilikuwa katika lile lililosemwa na lile lililonyamaziwa.

Hatutaki kutia chumvi. Kadi ya masista haikupata hata sehemu ya kumi ya bei ya ile nyingine, na hatuwezi kuwaahidi kwamba ukweli hulipa fedha nyingi kuliko uongo siku ileile. Soko hupenda uzima. Mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyokaa miaka yote hiyo bila kuguswa na kupewa daraja la 9.5, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Lakini mwaka huohuo kadi moja ya Wagner ya daraja la 2, yaani iliyochakaa waziwazi, iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Daraja la 2 kati ya 10! Wenye kujua biashara hiyo hawakuiona aibu mikunjo yake, kwa kuwa ilikuwa mikunjo ya haki, iliyopatikana kwa kuishi.

Kwa hiyo, kurekebisha kunasaidia au kunadhuru? Wakusanyaji wenyewe wanabishana, lakini tunaona kwamba mabishano yao yanaweza kupangwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kuondoa kile ambacho si sehemu ya kadi. Kadi nyingi za tumbaku zilibandikwa kwenye madaftari kwa gundi ya unga. Mtu mwenye subira huiloweka kadi ya aina hiyo katika maji safi yasiyo na dawa yoyote, gundi ikalegea, kadi ikatoka, ikakaushwa taratibu katikati ya karatasi za kunyonya maji. Wakusanyaji wengi hawana neno na jambo hili. Maji hayakuongeza kitu, wala hayakupunguza karatasi. Yameondoa tu ugeni ulioishikilia.

Fungu la pili ni kuficha. Hapa ndipo kuna kukata kingo ili zinyooke, kupaka rangi kona zilizofifia, kujenga upya kona kwa nyuzi za karatasi nyingine, kung'arisha kwa kemikali, na kukandamiza mkunjo mpaka usionekane. Kampuni za upimaji zikigundua, ama hukataa kuipa kadi daraja, ama huiandika kwamba imebadilishwa, na thamani yake huporomoka. Mara nyingi huwa chini ya kadi iliyochakaa ambayo haikuguswa. Nao hugundua kwa njia nyingi: kwa rula, kwa kioo cha kukuzia, kwa taa ya miali isiyoonekana kwa macho ambayo hufanya rangi mpya na karatasi mpya ziwake tofauti na za zamani. Mkunjo uliokandamizwa nao unaweza kurudi wenyewe baada ya muda, kwa maana nyuzi zilizovunjika ndani hazikupona. Mwaka 2019 wakusanyaji wa kawaida, wakiwa majumbani kwao, walianza kulinganisha picha za minada ya zamani na kadi zilizouzwa upya zikiwa na madaraja ya juu. Doa dogo la wino, nukta moja ya uchapaji, vikaitambulisha kadi ileile kabla na baada ya kuguswa. Kadi nyingi zilizoaminiwa kwa miaka zikaangukia katika shaka.

Fungu la tatu ni kukarabati waziwazi. Kadi imechanika na itazidi kuchanika isiposhikwa. Au ni ya kumbukumbu ya familia na haikusudiwi kuuzwa. Mafundi wa makumbusho, wanaotunza karatasi, picha na vitabu vya kale, wana kanuni zao: gusa kidogo iwezekanavyo; tumia kitu kinachoweza kuondolewa baadaye bila madhara; na andika kila ulichofanya ili ajaye ajue. Kadi iliyotendewa hivyo haitapata bei ya kadi nzima, wala haiombi bei hiyo. Lakini haimdanganyi mtu.

Mkitazama vizuri mtaona kwamba swali lililoonekana kuwa la fedha limekuwa la dhamiri. Anayenunua kadi ya mwaka 1910 hanunui karatasi na wino, maana hivyo ni vya senti chache. Ananunua ushuhuda kwamba kitu hiki kimepita katika miaka zaidi ya 100 na kimefika hivi kilivyo. Anayekata kingo na kunyamaza ameuharibu ushuhuda, na ushuhuda ndio uliokuwa bidhaa. Kwa hiyo dhambi yake inagusa amri ya saba na amri ya nane kwa pamoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza amri ya saba katika namba 2409, inayataja udanganyifu katika biashara na kughushi kuwa ni kinyume cha amri hiyo, hata pale sheria za nchi zinapokuwa hazijasema lolote. Na namba 2412 inakumbusha kwamba haki inadai kurudisha kilichochukuliwa kwa njia mbaya. Nabii Amosi aliwakemea wale waliongoja Sabato ipite ili wapunguze vipimo na kuzipotosha mizani. Hata hapa kwetu mizani hiyo tunaijua: gari la mtumba lililorudishwa nyuma kilomita, simu iliyofunguliwa na kufungwa ikauzwa kama mpya, ukuta wenye ufa uliopigwa lipu na rangi juma moja kabla mpangaji hajaja.

Mtu atasema: "Kitu ni changu, nina haki nacho." Ndiyo, ni chako. Ukitaka, ikate kadi yako uifanye alama ya kitabu. Lakini unapoitoa mkononi mwako kwenda mkononi mwa mwingine, ukweli wake unakuwa haki ya huyo mwingine. Na mnyororo hauishii kwake. Tazameni kadi ile ya kwanza: waliofuata waliinunua kwa nia njema, wakaiuza kwa nia njema, na kila mmoja aliibeba aibu asiyoijua. Udanganyifu una tabia hiyo. Hupita kimya katika mikono ya wasio na hatia, na mzigo wake humwangukia yule wa mwisho.

Hayo ndiyo tuliyomwandikia kijana wetu, na tunakiri kwamba haikuwa rahisi kuyaandika. Ni jambo jepesi kufundisha uaminifu pale ambapo hakuna mama anayeumwa. Tulimwambia kwamba gundi iondolewe na mtu anayejua, na aseme kwamba imeondolewa. Kwamba mkunjo uachwe. Kwamba kona ziachwe. Na kwamba kadi ziuzwe kwa jina lake na kwa hali zilizo nazo. Alifanya hivyo. Wiki mbili zilizopita alituandikia kwamba zimeuzwa. Kiasi alichopata ni kama nusu ya gharama ya upasuaji, na ni pungufu sana ya kile alichoahidiwa na fundi. Hakuficha kwamba iliuma. Jumuiya Ndogo Ndogo ya mama yake imeanza kuchangia sehemu iliyobaki, na wenye moyo wanaweza kumwona mwenyekiti wa Jumuiya hiyo au kupita ofisini kwetu. Hatulisemi hili kama pambo la mahubiri. Mtu akichagua ukweli na ukweli ukamgharimu, sisi tuliomshauri tunao wajibu wa kubeba gharama pamoja naye. La sivyo, maneno yetu yatakuwa mepesi kama makapi.

Sasa turudi kwa Bwana mfufuka. Huyu aliyeupokea uzima usioweza kufa tena, ambaye milango iliyofungwa haikumzuia, je, alishindwa kujiondolea matundu ya misumari? Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliuliza swali hilohilo katika sehemu ya tatu ya kazi yake kubwa, Summa Theologiae, na akajibu kwamba ilifaa mwili wa Kristo ufufuke pamoja na makovu: yawe ishara ya ushindi wake, yawathibitishie wanafunzi kwamba ni yeye yuleyule, na yawe mbele ya Baba daima katika kutuombea sisi. Naye Mtakatifu Agostino, karne nyingi kabla yake, alifikiri kwamba huenda hata mashahidi wataonekana na alama za majeraha yao katika utukufu, nazo hazitakuwa ulemavu, zitakuwa heshima.

Tomaso mtume hakuomba kuona uso unaong'aa. Aliomba kuona majeraha. Kama mkusanyaji mwenye busara, alijua kwamba uzuri unaweza kuigizwa, lakini kovu la kweli lina historia yake. Na Bwana hakumkemea kwa kutaka kugusa. Alimpa mkono wake.

Hapa tunagusa jambo linalotuhusu sote, nasi mapadre tukiwemo, maana sisi pia tunapiga magoti mbele ya muungamishi. Kuna kuungama kwa kukata kingo. Mtu huja akiwa amekwisha kuinyoosha habari yake nyumbani: "Nilikasirika kidogo." "Nilichukua, lakini wao pia hunipunja." "Ni mambo ya kawaida ya ndoa." Kona zote ni kali, rangi imerudishiwa, na tunamletea Mungu kadi ya daraja la 8. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mungu hatupimi kwa kioo cha kukuzia ili atukatae. Yeye ametujua tangu tukiwa tumboni, na anachotuomba ni tuje kama tulivyo.

Na hapa ndipo mfano wa maji na gundi unapotufaa. Dhambi si sehemu ya karatasi yetu. Ni gundi iliyotushikilia kwenye daftari la mtu mwingine. Neema ya Mungu, tangu maji ya Ubatizo hata Sakramenti ya Upatanisho, huiondoa gundi hiyo bila kutukata sisi. Haitufanyi tuwe watu wengine. Mama aliyefiwa na mtoto, akifarijiwa na Mungu, hubaki mama aliyefiwa. Mlevi aliyeacha pombe hubaki na miaka yake iliyopotea. Mikunjo hubaki, lakini sasa imekuwa ushuhuda, na mara nyingi ni kwa mikunjo hiyo ndipo mwenzake aliyeumia atakapomwamini.

Wala tusidhani kwamba tunawakataza kutengeneza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Zakayo alitengeneza mambo yake, na aliyatengeneza hadharani, kwa kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliyemdhulumu. Aliandika pembeni, kwa namna ya kusema, kila alichobadilisha.

Katika ofisi ya parokia yetu kipo kitabu cha zamani cha ubatizo ambacho kingo zake zimeliwa na mchwa. Baadhi ya waamini, kwa nia njema, walishauri kinakiliwe katika kitabu kipya na cha zamani kichomwe. Tumekipiga picha kurasa zote, tumekifuta vumbi kwa brashi laini, tumekitia katika sanduku kavu, na sehemu zilizoliwa tumeziacha zikiwa zimeliwa. Kitabu hicho kinatufundisha kila siku. Jina likiwa limekosewa, au tarehe, wino wa zamani haufutwi. Marekebisho huandikwa pembeni, kwa tarehe na saini ya aliyeandika, baada ya ushahidi kuletwa. Vivyo hivyo Kipaimara, ndoa na nadhiri huongezwa pembeni ya jina la yule aliyebatizwa. Ndiyo maana, wapendwa, tunapowakatalia kupunguza mwaka wa kuzaliwa kwa ajili ya nafasi ya shule au ya kazi, msituone kuwa wagumu. Cheti chetu kina nguvu kwa sababu moja tu: kwamba kitabu kilichokizaa hakijapata kukatwa kingo.

Basi katika juma hili tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mmoja wetu atafute kitu kimoja anachokiuza au anachokisimulia kwa kingo zilizokatwa, awe mfanyabiashara, mwajiriwa, mzazi au mchumba, akaseme ukweli wake kwa anayestahili kuusikia. Pili, wale ambao wamekaa muda mrefu bila kuungama waje Jumamosi jioni, na waje bila kujinyoosha kwanza. Tatu, tuwaombee vijana wetu walio ughaibuni, ambao mara nyingi hujaribiwa peke yao, usiku, mbali na macho ya mama na ya Jumuiya, na ambao uaminifu wao hauonekani na mtu isipokuwa Mungu.

Bwana aliyewaonyesha wanafunzi makovu yake awape amani ileile aliyowapa wao. Nayo baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, iwashukie ninyi nyote na kukaa nanyi daima. Amina.